Mzee amezidiwa usiku Mombasa: abaki nyumbani, hospitali ya mtaani, Makadara au ya kibinafsi?

Mzee wenu hajala tangu mchana, sasa anasema maneno yasiyoungana, na sebuleni kuna watu sita, kila mmoja na hospitali yake. Mmoja ataka Makadara kwa sababu ndiko kwenye mabingwa wengi. Mwingine ataka ya kibinafsi, kwani ndugu aliye Qatar atatuma pesa. Shangazi asema aachwe alale, kukipambazuka mtajua la kufanya. Wote wanampenda, na wanapobishana saa zinakwenda.

Mimi ni muuguzi na nimefanya kazi kwenye kazualti. Hapa nalinganisha njia nne zilizo mbele ya familia ya Mombasa: kumtibu nyumbani kwa kumwita daktari au sista, hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, hospitali kuu ya rufaa ya Coast General ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, na hospitali kubwa ya kibinafsi. Hakuna iliyo bora kwa kila mzee. Iko inayomfaa huyu wenu, kwa saa hii, na ili uijue lazima kwanza umsome mwenyewe vizuri.

Mzee haugui kama kijana

Kijana akishikwa na nimonia utajua. Atachemka, atakohoa, atashika ubavu. Mama wa miaka themanini mwenye nimonia hiyohiyo huenda asiwe na homa hata kidogo. Ataacha kula, au ataanguka akienda msalani, au ataanza kumwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani. Mwili wa uzeeni hupandisha joto kwa shida, kwa hiyo hata 37.8 tu kwenye kipimajoto inatosha kukutia wasiwasi. Kinachotangulia mara nyingi ni pumzi. Kaa karibu naye kama unayetazama televisheni, usimwambie unafanya nini, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Zikizidi 24, usingoje asubuhi.

Moyo nao hudanganya. Watu wengi wanangoja maumivu ya kifua, lakini kwa wazee, na zaidi wenye sukari, mshipa wa moyo unaweza kuziba bila kifua kuuma. Unachokiona ni kutweta, jasho la baridi, kichefuchefu au kuishiwa nguvu ghafla. Ndiyo maana mzee mwenye dalili hizi apimwe umeme wa moyo (ECG) ndani ya dakika kumi tangu afike hospitalini. Ukiwa naye hapo mlangoni, kiombe kipimo hicho kwa jina lake.

Namba za presha zina mtego wake. Mzee ambaye kila kliniki ni 160, leo ukimkuta na 110 baada ya kuanguka au kuharisha, huyo huenda anapoteza damu au maji mengi, japo 110 kwa mtu mwingine ni salama kabisa. Na kama anatumia dawa ya presha inayopunguza mapigo, kama atenolol, moyo wake hauwezi kwenda mbio hata akiwa hatarini. Mapigo 70 kwa mtu huyo hayakuhakikishii kitu.

Halafu kuna adabu yao wenyewe. Mzee wa Pwani ukimuuliza hali atakujibu, “Sijambo, alhamdulillahi.” Nakumbuka bibi mmoja aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu, leso ameivuta hadi kidevuni, anamjibu daktari kijana kwa upole, “Sijambo mwanangu, ni uchovu tu.” Leso ilipoinuliwa, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto na wayo umegeukia nje. Hiyo ndiyo sura ya nyonga iliyovunjika. Alikuwa ameambiwa tangu asubuhi ajaribu kutembeatembea.

Kwa hivyo usimtegemee mzee akutajie ugonjwa. Uliza juzi alikuwaje. Alikuwa akijifulia? Alikuwa akienda msikitini au kanisani kwa miguu? Alikuwa akijua zamu za dawa zake? Umbali kati ya juzi na leo ndio kipimo cha kwanza, na hakuna daktari anayeweza kukipima bila nyinyi.

Hapa familia nyingi hukwama: mzee akichanganyikiwa husema ni uzee. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa siku moja au mbili, mara ana akili timamu mara hana, mara anasinzia mara anapigana na watu wasioonekana, huo ni ugonjwa wa ghafla hadi ithibitike vingine: maambukizi ya mkojo, mapafu, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, dawa mpya, damu kichwani. Hospitalini kuna kipimo kifupi kiitwacho 4AT, ambacho huuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, kisha miezi kinyumenyume. Wazee wetu wengi tarehe ya kuzaliwa hawakuwa nayo tangu hapo, kwa hiyo nyumbani muulize anayoyajua siku zote. Swala gani imepita? Huyu aliyeketi hapa ni nani? Ataje siku za wiki kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Ukiona anashindwa kushika swali, na wiki iliyopita angekucheka kwa kumuuliza, umepata jibu.

Mambo ya kulinganisha

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale. Muda: itachukua muda gani hadi mtu mwenye ujuzi amguse. Saa ya kwanza: nini kinaweza kufanyika pale, si kesho. Kumsoma mzee: uwezekano wa kuchunguzwa kama mzee, yaani akili yake, dawa zake na namna alivyoanguka. Pesa. Na mtu wa kukaa naye, jambo ambalo watu hulidharau ilhali kwa mzee ni sehemu ya tiba.

1. Nyumbani, kwa daktari au sista anayekuja

Muda. Kama mna mtu mnayemjua mtaani, Kisauni au Mji wa Kale, anaweza kufika kabla hamjapata gari. Kama mnamtafuta kwa mara ya kwanza usiku huo, hesabuni saa nzima au zaidi.

Saa ya kwanza. Atapima presha, sukari, joto, pumzi na oksijeni ya kidole. Hivyo vitano, vikipimwa vizuri, vinaamua mengi. Lakini picha ya kichwa haipo, eksirei haipo, damu haipo, oksijeni kwa kawaida haipo.

Kumsoma mzee. Hapa nyumbani panazishinda hospitali zote. Anayekuja anaona choo kiko wapi, mkeka ulioteleza, chakula kilichobaki kwenye sahani, na dawa zilizorundikana kwenye kopo la biskuti, nyingine za mzee mwenyewe, nyingine za jirani. Mzee naye anajibu vizuri akiwa kwenye kitanda chake.

Ila iko tabia moja naipinga waziwazi: kuitana ili mzee “atundikiwe maji”. Dripu si kiburudisho. Mzee mwenye moyo dhaifu, miguu iliyovimba na pumzi fupi, ukimmiminia chupa mbili haraka unaweza kumzamisha mapafu ndani ya usiku mmoja. Vivyo hivyo sindano ya diklofenaki kwa kila maumivu. Figo za uzeeni na tumbo la uzeeni haziivumilii kama zako. Anayekuja nyumbani na jambo la kwanza akafungua sindano kabla ya kuuliza dawa anazotumia, mshukuru na umsindikize.

Pesa. Mnalipa mfukoni, na bei mkubaliane kabla hajaja.

Mtu wa kukaa naye. Wapo tele, lakini tele si sawa na mmoja aliyepewa zamu. Teueni mtu wa usiku kwa jina.

Inawafaa wazee ambao mabadiliko ni madogo, wanakula, wanakunywa, akili ni ileile na vipimo vitano havina shida. Pia mzee mwenye maradhi yasiyo na tiba tena, aliyekwisha kusema kwa akili timamu kwamba hataki kufia wodini. Huyo anastahili kutulizwa maumivu nyumbani kwa msaada wa watu wa hospisi, na uamuzi wake uheshimiwe hata na mtoto aliyefika jana kutoka safarini.

2. Hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu

Nazungumzia kama Port Reitz upande wa Changamwe, Tudor kisiwani, au ya Likoni ng'ambo ya feri. Zahanati na vituo vidogo vya afya navyo vinahesabika, ila vingi usiku havifanyi kazi, kwa hiyo ulizeni mchana, kabla haja haijafika.

Muda. Ndiyo nguvu yake kubwa. Anayekaa Mikindani akikimbilia kisiwani jioni anaweza kukwama Kibarani, na mgonjwa wa sukari iliyoshuka hana muda wa kukwama.

Saa ya kwanza. Sukari inapimwa na kurekebishwa. Oksijeni, dawa za kwanza za maambukizi, kipimo cha malaria, maji kwa kipimo, kumtuliza maumivu: vyote hivi vinawezekana. Si kila siku utapata eksirei usiku, na picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, msiitegemee hapo. Kama tatizo ni kiharusi au kichwa kilichogonga sakafu, kituo hiki kitakuwa cha kupita.

Nisisitize sukari kidogo. Wazee wengi Mombasa hutumia glibenklamaidi, kidonge cha sukari kinachodumu mwilini muda mrefu. Mzee aliyekimeza kisha asile, iwe kwa ugonjwa au kwa kufunga, sukari yake inaweza kushuka hadi akapooza upande mmoja kama mwenye kiharusi. Akipewa glukosi anaamka, familia inashangilia, wanarudi nyumbani. Baada ya saa chache inashuka tena, watu wamelala. Mzee wa namna hii abaki chini ya uangalizi hata akiamka akaomba chai.

Kumsoma mzee. Inategemea zamu. Sista mmoja akiwa na foleni ya watoto wenye homa, mzee mtulivu anaonekana hana haraka. Hili hutokea popote duniani: wazee huwekwa daraja la chini la dharura kwa sababu hawalii. Semeni wenyewe, kwa heshima na mapema: “Sista, huyu juzi alikuwa akienda dukani peke yake, leo hanijui.” Sentensi hiyo moja humhamisha mtu kwenye foleni.

Pesa. Kwa walio wengi ndiyo nafuu. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF. Mzee aliyesajiliwa hutibiwa bila kulipa kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu, na kuanzia ngazi ya nne, ambako hospitali hizi zimo, ni lazima michango ya bima iwe imelipwa. Asiye na mshahara mchango wake wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa za mwaka mzima kwa pamoja. Angalieni usajili wa wazee wenu wiki hii, wakiwa wazima.

Mtu wa kukaa naye. Kwa kawaida mnaruhusiwa, na nyumbani si mbali kwa kuleta uji.

Inawafaa walio mbali na kisiwa, walio na sukari, maambukizi au upungufu wa maji, na kila anayehitaji kusimamishwa kabla ya safari ndefu. Mkipewa rufaa, msiondoke bila barua yenye dawa alizopewa na saa alizopewa.

3. Coast General

Muda. Kwa aliye kisiwani au Kongowea ni karibu. Lakini ni hospitali ya rufaa ya Pwani nzima: hupokea wagonjwa kutoka Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta, pamoja na majeruhi wa barabarani. Kufika ni jambo moja, kufikiwa ni jingine. Aliyezimia huingizwa moja kwa moja. Mzee anayesema “sijambo” anaweza kukaa kwenye benchi.

Saa ya kwanza. Hapa ndipo penye upana: madaktari wa upasuaji, wa mifupa, wa ndani, chumba cha wagonjwa mahututi, benki ya damu. Mzee akihitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja, mathalani nyonga imevunjika, sukari iko juu na moyo unadunda ovyo, ni vizuri awe mahali ambapo wote hao wako chini ya paa moja. Nyonga hasa haitaki kukawia. Upasuaji ukifanyika ndani ya siku mbili, mzee hupona vizuri zaidi na huepuka vidonda vya mgongo na nimonia ya kulala. Ulizeni tangu usiku wa kwanza: operesheni ni lini, na kama kuna kinachokosekana, ni nini?

Kumsoma mzee. Mabingwa wapo, lakini mabadiliko ya zamu ni mengi, na kila anayekuja anaanza upya. Kwa hiyo karatasi yenu, nitakayoieleza chini, hapa ina thamani kuliko popote.

Pesa. Nafuu kuliko ya kibinafsi, ila msije mikono mitupu. Mnaweza kuambiwa mkanunue dawa au kifaa nje, saa nane za usiku.

Mtu wa kukaa naye. Mlipiganie hili kwa upole. Mzee aliyechanganyikiwa, akiachwa peke yake kwenye taa kali na sauti ngeni, huzidi kuchanganyikiwa. Mpeni miwani yake, meno yake, kifaa cha masikio kama anacho. Mwambieni alipo, mara kwa mara, bila kumgombeza. Asifungwe mikono kama kuna mtu wa kumshika mkono. Mpira wa mkojo nao uulizeni: una kazi gani na utatolewa lini? Ukikaa bila sababu huleta maambukizi, na mzee huuvuta.

Inawafaa majeruhi wakubwa, waliovunjika, wanaovuja damu, wenye matatizo mengi kwa pamoja, na familia ambayo gharama ya kibinafsi ingewaacha na deni la miaka.

4. Hospitali kubwa ya kibinafsi

Nyingi za zamani ziko kisiwani: Aga Khan na Pandya upande wa Kizingo, na Mombasa Hospital iliyoanzishwa mwaka 1891, karibu na Mji wa Kale. Nyingine ziko Nyali.

Muda. Mlangoni kwa kawaida ni haraka, kwani wagonjwa ni wachache kwa kila muuguzi. Hiyo ni faida ya kweli kwa mzee asiyelalamika.

Saa ya kwanza. Umeme wa moyo, damu na picha huwa kwenye jengo moja, na majibu hutoka usiku uleule. Kwa kiharusi hili ni kubwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima picha ya kichwa itangulie, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu kikipewa dawa hiyo kinaua. Pigeni simu mkiwa njiani muulize maswali mawili: mashine ya CT inafanya kazi sasa hivi? Mnayo dawa hiyo? Jina la hospitali halijibu maswali hayo, simu ndiyo inayojibu. Na msimpe aspirini nyumbani kabla ya picha.

Kumsoma mzee. Muda wa kumsikiliza upo. Upungufu wake ni kwamba anaweza kuzungukwa na vipimo vingi kabla mtu hajauliza juzi alikuwaje. Ulizeni kila kipimo kitabadilisha nini.

Pesa. Hapa ndipo familia huumia. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hilo linaihusu hospitali ya kibinafsi pia. Lakini dharura ikishatulizwa na mzee akihitaji kulazwa, mtaulizwa malipo ya awali au bima. Siku moja ya chumba cha mahututi inaweza kula akiba ya mwaka. Kaeni chini saa ya kwanza, si siku ya tano, mseme wazi kiasi mlichonacho, na muulize ni lini mzee atakuwa salama kuhamishwa mkitaka. Kuhamisha mzee aliyetulia si kumtelekeza.

Mtu wa kukaa naye. Hutegemea sheria za wodi. Kwa mahututi mara nyingi ni saa maalumu tu.

Inawafaa wenye bima iliyothibitishwa, wenye dalili za kiharusi au moyo ambao dakika ndizo zinazopiganiwa, na wazee wanaohitaji jibu la haraka ili familia ijue pa kwenda baadaye.

Namna ya kumfikisha

Tuktuk inafika uchochoroni ambako gari haliingii, na kwa mzee anayeweza kuketi, mwenye homa au sukari, haina ubaya. Kwa aliyevunjika nyonga ni mateso, na kwa aliyeanguka akaumia shingo ni hatari. Hao walale kwenye ubao au godoro gumu, mguu ushikizwe kwa mito, msimkande wala kumchua. Bodaboda kwa mzee mgonjwa, hapana. Ambulansi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199. Ulizeni ina oksijeni na nani amepanda nayo, kwa sababu gari lenye king'ora bila muuguzi ni teksi tu.

Mkiwa Likoni, feri ndiyo inayoamua. Ambulansi hupewa kipaumbele, gari la kawaida lazima limweleze askari wa feri. Barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini haina feri, ila ni mzunguko mrefu ukiwa unakwenda kisiwani. Ndiyo maana kwa wakazi wa ng'ambo nasema mwanzo uwe hospitali ya Likoni, isipokuwa kiharusi.

Na popote mwendako, mfuko wa mzee uwe tayari: dawa zote na pakiti zake, kadi za kliniki, kitambulisho, miwani, meno, na karatasi moja yenye mambo manne. Juzi alikuwaje. Leo kimebadilika nini na saa ngapi. Dawa ya mwisho amemeza lini, na kama anatumia za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Amewahi kuamua nini kuhusu matibabu yake.

Ikiwa hali ni hii

Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki: tazameni saa, pimeni sukari kama mnacho kipimo, kisha moja kwa moja penye CT inayofanya kazi, ya kibinafsi au Makadara, yoyote iliyojibu simu kwanza. Msimpe kitu mdomoni.

Ana sukari, hajala, anatetemeka au anaongea ovyo, lakini anameza vizuri: maji ya sukari au asali sasa hivi, kisha hospitali ya karibu kuliko zote, na abaki huko. Kama hamezi, msimmiminie kitu. Kimbieni.

Anatweta, ana jasho la baridi, kifua kinabana au hakibani: penye kipimo cha umeme wa moyo palipo karibu. Hapa umbali unashinda sifa.

Ameanguka na hawezi kusimama: Makadara, au ya kibinafsi yenye daktari wa mifupa kama bima ipo. Aliyelala sakafuni saa nyingi kabla ya kuonekana apimwe figo pia, kwa sababu misuli iliyobanwa huachia sumu.

Ameanguka akagonga kichwa, yuko sawa, lakini anatumia warfarini: picha ya kichwa usiku huohuo. Na hata asiyetumia, damu ya uzeeni inaweza kujikusanya polepole kwa siku na wiki. Akianza kusinzia mchana, kuumwa kichwa au kuburura mguu baadaye, mrudisheni mkitaja kuanguka kule, hata kama kila mtu alishakusahau.

Amechanganyikiwa tangu jana, hana homa: hospitali ya kaunti ndogo kama mko mbali, Makadara kama mko karibu. Waombe mkojo, sukari, mapafu na orodha ya dawa vitazamwe kabla hajapewa kitu cha kumlaza usingizi.

Ameharisha siku mbili katika joto la Februari, midomo imekauka, akisimama anaona kizunguzungu, akili ni timamu: maji ya chumvi na sukari kwa vijiko, vidonge vya presha na vya kukojoza visimezwe hadi daktari aulizwe, na hospitali ya karibu asubuhi hiyohiyo. Kama hawezi kushikilia anachokunywa, au mkojo haujatoka tangu usiku, ni sasa.

Hana dalili ya kushika, ila mama anayemlea kila siku anasema, “Huyu leo si yeye.” Mwite daktari au sista apime vile vitano, na zamu ya usiku aikae yule mama mwenyewe. Kukiharibika kimoja katika vitano, safari ianze bila mkutano mwingine.